Emacs: Kihariri Kinachofumuliwa Kikiwa Kazini

Emacs ni programu ya kuandikia na kuhariri matini ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha bila kuifunga. Ilianza mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, kwa kazi ya Richard Stallman na Guy Steele, ikiwa mkusanyiko wa amri za kihariri kingine kilichoitwa TECO. Mwaka 1978 Bernard Greenberg aliandika Emacs yake kwa lugha ya Lisp, na Stallman akafuata njia hiyohiyo alipotoa GNU Emacs mwaka 1985. Kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C. Sehemu kubwa iliyobaki ni Lisp tupu.

Lisp ni lugha kongwe: John McCarthy alianza kuibuni mwaka 1958. Anayeiona kwa mara ya kwanza hushangazwa na wingi wa mabano. Kitendo hutangulia, vinavyotendewa hufuata, hivyo kujumlisha mbili na tatu huandikwa (+ 2 3). Wengi huyalalamikia mabano hayo, lakini ndiyo yanayoipa lugha nguvu. Huonyesha wazi kila kipande kinapoanzia na kinapoishia, hata kipande kimoja kikaweza kutekelezwa peke yake katikati ya maandishi marefu.

Mfano mdogo unatosha. Mtu anataka kupata eneo la chumba, anaandika:

(defun eneo (urefu upana) (+ urefu upana))

Anaweka kishale mara baada ya bano la mwisho, anabonyeza Ctrl na x, kisha Ctrl na e. Kuanzia hapo Emacs inalijua neno “eneo”. Chini yake anaandika (eneo 4 6), anabonyeza vilevile, na chini ya skrini inatokea 10. Si sahihi: amejumlisha badala ya kuzidisha. Anafuta +, anaweka *, anatekeleza tena mstari ule wa kwanza, kisha wa pili. Inatokea 24. Hakuna kilichofungwa wala kuanzishwa upya. Kosa limeonekana na kusahihishwa mawazo yakiwa bado moto.

Hali ni hiyohiyo kwa Emacs yenyewe. Hata kubonyeza herufi “a” ni kuita amri ya Lisp inayoiweka herufi hiyo kwenye ukurasa. Mtumiaji akibonyeza Ctrl na h, kisha k, halafu kitufe chochote, ataelezwa kitufe hicho kinaita amri gani, na mara nyingi anaweza kufungua msimbo wa amri hiyo, akausoma na kuubadilisha. Ni programu chache mno zinazomwamini mtumiaji wake kiasi hicho.

Lugha nyingine za ukoo wa Lisp hunufaika pia. Nyongeza ya Emacs iitwayo SLIME huiunganisha na Common Lisp, na nyingine iitwayo CIDER huiunganisha na Clojure, lugha iliyotolewa na Rich Hickey mwaka 2007. Hapo programu inayoundwa huendeshwa kando, na kihariri huipelekea kipande kimojakimoja. Common Lisp ikikutana na kosa haianguki palepale. Husimama, huorodhesha njia za kuendelea, na kumpa mwandishi nafasi ya kurekebisha kilichoharibika kabla ya kuchagua.

Hatari moja huwakuta hata wazoefu. Kipande kilichofutwa kwenye faili hubaki hai kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na programu huendelea kukitegemea bila mwandishi kujua. Leo kila kitu kinakwenda sawa. Kesho kompyuta ikiwashwa upya, programu inagoma. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mtu kazi, funga kila kitu, anza upya, na upakie faili nzima kuanzia mstari wa kwanza.