Muchezo wa video: mbele ya kununua diski, uliza ni watu wangapi na wako wapi

Wakati mutu ananunua diski ya muchezo wa video, anauliza bei, kisha anaigeuza kuona kama haina mikwaruzo. Kuko ulizo lingine lenye linaweza kumuokoa asipoteze dola zake: muchezo huu unachezwa na watu wangapi, na hao watu wanakuwa wapi?

Kuko michezo ya mutu mumoja, yenye kufuata hadithi tangu mwanzo mupaka mwisho. Kuko ya watu 2 ao 4 wenye wanakaa mbele ya televizio moja, kila mutu na manete yake. Na kuko ya watu wengi wenye kila mumoja iko kwake, wanakutana kupitia intaneti. Hizi mbili za mwisho zinaitwa jina moja tu, muchezo wa watu wengi. Lakini kwa mutu wa Butembo, Uvira ao Bunia, tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa sana, kuliko hata tofauti ya kucheza peke yake na kucheza na ndugu yake.

Zamani, kucheza pamoja ilikuwa kukaa pamoja. Pong, muchezo wa Atari wa mwaka wa 1972, ulikuwa wa watu 2. Nintendo 64, ya mwaka wa 1996, ilikuwa na matundu 4 ya kuingizia manete, na mwaka wenye ulifuata muchezo GoldenEye 007 uligawanya ekrani vipande 4, kila mutu na kipande chake. PlayStation 2, yenye ilitoka mwaka wa 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 katika dunia, ilikuwa na matundu 2. Basi nyumba ya michezo ya kartie haikukuwa na lazima ya intaneti: manete mbili, televizio moja, umeme ao jenereta. Mwenye kushindwa anatoka, mwenye alikuwa anangoja anaingia.

Mwezi wa 11 mwaka wa 2002, Microsoft ilifungua Xbox Live, na mambo ikaanza kubadilika. Sony nayo ilifuata. Kwenye PlayStation 3, kucheza na wengine kwa intaneti kulikuwa bure. Kwenye PlayStation 4, ya mwaka wa 2013, michezo mingi ikaomba abonema ya kulipa, PlayStation Plus. Michezo ya bure kama vile Fortnite haiombi abonema hiyo.

Wakati ule ule, ekrani ya kugawanya ilianza kupotea. Halo 5, ya Xbox One, ilitoka mwaka wa 2015 bila hiyo ekrani, na wapenzi wa Halo wakalalamika sana. Watengenezaji wake waliahidi kuirudisha. Halo Infinite ikatoka mwaka wa 2021, lakini mwaka wa 2022 wakatangaza kwamba kufuata hadithi yake watu wawili kwenye ekrani moja hakutakuwako tena. Sababu ya kiufundi iko ya kweli: mashini inapashwa kuchora dunia ya muchezo mara mbili kwa wakati mumoja, na inachoka. Lakini hesabu ya pesa nayo iko pale. Ndugu wawili kwenye kiti kimoja wananunua diski moja. Wakicheza kila mutu kwake, wananunua mbili.

Intaneti inaomba nini? Watu wengi wanafikiri inakula mega nyingi wakati wa kucheza. Hapana, kucheza kwenyewe kunakula kidogo. Yenye inakula ni kupakua muchezo na mapya yenye watengenezaji wanaongeza kila mara: Call of Duty inaweza kupita gigabaiti 100. Forfe gani itatosha?

Shida ingine ni umbali. Ukibonyeza manete, habari inapashwa kusafiri mupaka kwenye seva, mara nyingi Ulaya ao Afrika Kusini, na kurudi. Muchezo wenye unaonyesha picha 60 kwa sekunde moja, ukichelewa milisekunde 150, picha 9 zimekwisha kupita. Mupira uko umeingia golini, wewe bado unaona mushambuliaji anakuja. Na umeme ukikatika, mara nyingi parti hiyo inahesabiwa kwamba umeshindwa.

Tena kuko jambo la konti. Ukifungua konti ya PlayStation, Congo haiko kwenye orodha ya nchi za kuchagua. Watu wanachagua Ufaransa ao nchi ingine. Sasa kadi ya kulipia abonema inapashwa kuwa ya nchi ile ile yenye uliandika. Ukinunua ya nchi ingine, itakataa, na pesa imekwenda.

Kwa hiyo muchezo wa mutu mumoja unaonekana kuwa njia ya salama. Unausimamisha wakati mama anakuita, unaweka kumbukumbu, unaendelea kesho. Mara nyingi ni kweli, lakini haiko kila mara. Ubisoft, kampuni ya Ufaransa, ilitoa mwaka wa 2014 muchezo wa magari, The Crew. Mutu aliweza kuendesha gari peke yake, ila mashini ilipashwa kuunganishwa na seva wakati wote. Tarehe 31 mwezi wa 3 mwaka wa 2024 seva ikafungwa. Diski haziharibike, lakini hazichezeke tena, hata kwa mutu mwenye alikuwa anacheza peke yake. Hapo ndipo kulitokea kampeni ya Stop Killing Games, yenye kuomba michezo yenye kuuzwa iendelee kuchezeka hata kama kampuni imeiacha. Mwaka wa 2025, ombi lake katika Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni 1.

Concord ya Sony ilikuwa na maisha mafupi zaidi: ilitoka tarehe 23 mwezi wa 8 mwaka wa 2024, ikaondolewa tarehe 6 mwezi wa 9. Angalau Sony ilirudishia watu pesa.

Hata hivyo kucheza wawili kwenye televizio moja hakujakufa. Josef Fares, mwenye alizaliwa Beirut na kukimbilia Sweden akiwa mutoto sababu ya vita, aliongoza kutengeneza It Takes Two, ya mwaka wa 2021. Hauwezi kuicheza peke yako hata kidogo: mumoja anashika kitu, mwengine anaruka. Watu wawili nyumbani wanaimaliza bila intaneti.

Kwa wazazi, kuko pia sauti. Katika michezo ya intaneti, mutoto anaweza kusikia na kujibu watu wazima wenye hajui. PlayStation na Xbox ziko na namna ya kufunga mazungumuzo hayo, katika sehemu ya wazazi. Inachukua dakika chache.

Nyuma ya kisanduku cha diski kuko alama ndogo za hesabu ya wachezaji. Kama hesabu hiyo inafuatana na maneno ya Kifaransa «en ligne» ao «en réseau», wachezaji hao ni wa intaneti, hawako wa manete mbili. Na kama diski inauzwa bila kisanduku, omba muuzaji akate intaneti, aiingize katika mashini, aunganishe manete ya pili, mukaone kama itafunguka.