Mwalo wa Kibirizi na Lango la Bweni: Nani Mlinzi wa Mwanafunzi wa Kidato cha Tano?

Elimu ya sekondari ya juu, yaani miaka 2 ya kidato cha tano na cha sita ambayo wanafunzi wenyewe huiita "advansi", ina jambo moja linaloitenga na ngazi nyingine za elimu nchini Tanzania: humpokea kijana akiwa bado mtoto mbele ya sheria na kumrudisha kwao akiwa mtu mzima, na mara nyingi miaka hiyo huipitisha mbali na wazazi wake. Aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 au 7, akasoma miaka 7 ya msingi na 4 ya sekondari, hufika kidato cha tano akiwa na miaka 17 au 18, na wengi siku ya kutimiza miaka 18 huwakuta bwenini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo katika kitanda kimoja cha dabodeka anayelala juu anaweza kuwa mtoto na anayelala chini mtu mzima, ingawa wote wawili hula maharage ya sufuria moja, huamshwa na kengele moja na humwogopa mwalimu wa nidhamu mmoja.

Suala la ulinzi na usalama wa wanafunzi huanzia hapo. Ulinzi unaozungumzwa katika makala haya si ule wa askari wa getini na kirungu chake, bali ni jumla ya taratibu, watu na mazoea yanayowekwa ili madhara yasimfikie mwanafunzi, na yakimfikia awepo mtu wa kuambiwa ambaye analazimika kuchukua hatua. Tafsiri hiyo ni pana kuliko nidhamu, na huenda ndiyo sababu shule nyingi huichanganya na nidhamu: mwanafunzi aliyetoroka usiku huulizwa kwanza alikuwa wapi, na ni nadra kuulizwa alikuwa anakimbia nini.

Mkoani Kigoma suala hilo lina sura yake, kwa sababu ya umbali. Wanafunzi wa kidato cha tano wa shule za serikali hupangwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, kwa kufuata ufaulu na tahasusi, ambayo ni kundi la masomo makuu matatu kama vile Fizikia, Kemia na Biolojia au Historia, Jiografia na Kiswahili. Upangaji huo hauangalii kwao mwanafunzi ni wapi, na kwa muda mrefu umesifiwa, kwa haki kabisa, kuwa umewafanya vijana wa makabila na dini tofauti wajuane. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Kitongoni, Ujiji, anaweza kupangiwa shule Iringa, na wa Mtwara akapangiwa Kasulu au Uvinza. Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam kwa treni ya Reli ya Kati, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, huvuka takriban kilomita 1,250 kupitia Dodoma na Tabora, akiwa na tranka, godoro lililofungwa kwa kamba, ndoo yenye jina lake lililoandikwa kwa rangi, na fomu ya kujiunga na shule ndani ya bahasha ya kaki.

Fomu hiyo ya kujiunga inastahili kusomwa kwa makini kuliko inavyosomwa. Hutaja idadi ya mashuka, rangi ya sketi au suruali, rimu ya karatasi, jembe au fyekeo, fagio la ndani na la nje, kisha huja orodha ya makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi shule na sehemu ya mzazi kutia sahihi. Anachoambiwa mzazi ni wajibu wa mwanafunzi kwa shule. Wajibu wa shule kwa mwanafunzi, yaani jina la mlezi wa bweni, utaratibu wa kupeleka malalamiko na mtu wa kumpigia usiku wa manane, mara nyingi hupewa nafasi ndogo, kama unapewa nafasi yoyote.

Kwa vijana wa mwambao wa Ziwa Tanganyika safari ni fupi lakini ina hatari nyingine. Vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo, kilichopakana na Hifadhi ya Taifa ya Gombe, na Kagunga karibu na mpaka wa Burundi, vimebanwa kati ya maji na milima mikali, na usafiri wa kutegemewa ni maboti ya mbao yanayoshusha watu na mizigo kwenye mwalo wa Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma. Kusini, meli ya MV Liemba iliyoingia majini mwaka 1915 iliposimama kwa matengenezo, wakazi wa vijiji vya mbali kama Kalya nao walibaki na maboti hayo hayo. Kidato cha tano huripoti Julai, katikati ya kiangazi, majira ambayo upepo wa kusini hulichafua ziwa. Boti likichelewa, mwanafunzi hufika Kibirizi jioni, magari ya Kasulu na Uvinza yakiwa yamekwisha kuondoka, na hapo hulazimika kutafuta pa kulala katika mji asioujua, pengine kwa ndugu wa jirani, pengine kwa mtu aliyemsaidia kubeba tranka. Usiku huo mmoja haumo katika kumbukumbu za shule yoyote, maana bado hajasajiliwa anakokwenda na kwao kila mtu anaamini amekwisha kufika.

Umaskini huongeza uzito wa safari hiyo. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa na serikali kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, jambo lililowapunguzia wazazi mzigo, lakini nauli, godoro na vifaa havikufutwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Hatua hiyo ilikuwa na maana kwa ziwa ambalo dagaa na migebuka wake wamekuwa wakipungua, ila mwezi wa kuripoti kidato cha tano uliangukia katikati ya kipindi ambacho karabai za wavuvi zilikuwa zimezimwa. Familia ya mvuvi inayokosa fedha Julai haina njia nyingi: hukopa, humchelewesha mtoto, au humwachia binti atafute "mfadhili", neno ambalo katika muktadha huu halina heshima yoyote.

Kwa upande wa sheria, mwanafunzi wa Tanzania ana ulinzi mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, lakini ulinzi wenyewe una viraka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 humlinda msichana aliye chini ya miaka 18, awe ameridhia au hakuridhia. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalikwenda mbele zaidi kwa kuutazama uanafunzi badala ya umri: yeyote anayemwoa au kumpa ujauzito mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30, hata kama mwanafunzi huyo ametimiza miaka 19. Mahakama ya Rufani nayo, mwaka 2019, ilithibitisha kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Na Novemba 2021 serikali ilifungua mlango wa kurudi shule kwa waliokatiza masomo, waliopata ujauzito wakiwamo.

Tundu lililobaki wazi ni la mwanafunzi aliyevuka miaka 18 ambaye hakuolewa wala hakupata ujauzito, lakini anasumbuliwa na mtu mwenye mamlaka juu yake. Hapo Sheria ya Mtoto imekwisha kumwachia, na adhabu ya miaka 30 haijamfikia mhusika. Kinachobaki hasa ni kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kinacholifanya kosa tendo la kudai ngono kwa kutumia cheo, yaani rushwa ya ngono, pamoja na maadili ya kazi yanayosimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu. Njia zote mbili zinamtaka mlalamikaji awe na ujasiri na ushahidi, vitu ambavyo msichana wa kidato cha sita, anayesubiri mtihani wa Taifa mwezi Mei na kumtegemea mwalimu huyo huyo amalize mada, hawezi kutarajiwa kuwa navyo kwa wingi. Sera ya elimu toleo la 2023 inaipunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, kwa hiyo baada ya muda watakaofika kidato cha tano watakuwa wadogo kwa mwaka mmoja. Jambo hilo litaliziba tundu kwa sehemu, bila mtu kulikusudia.

Ndani ya uzio wa shule, ulinzi hubebwa na mlezi mmoja: matroni kwa wasichana, patroni kwa wavulana. Katika shule nyingi za serikali mlezi huyo ni mwalimu wa kawaida mwenye vipindi vyake, daftari za kusahihisha na watoto wake nyumbani, aliyeongezewa bweni lenye makumi ya vitanda. Asubuhi husimamia usafi, mchana hufundisha, jioni huhakiki majina kabla ya prepo, yaani masomo ya kujisomea ya usiku, kisha huandika ruhusa za wagonjwa wanaokwenda zahanati. Ni yeye anayejua nani hakula, nani ameacha kucheka, nani amepata simu mpya bila mzazi kuileta. Ila kujua huko kunahitaji muda wa kukaa tu na wanafunzi bila shughuli, na muda ndio asionao. Serikali imeelekeza kuanzishwa kwa madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto ndani na nje ya shule. Wazo ni zuri, lakini dawati linaloongezwa juu ya meza ya mwalimu yule yule si dawati jipya.

Mfano mmoja mdogo unatosha kuonyesha pengo kati ya waraka na bweni. Tanzania ina namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayopigwa bila malipo. Wakati huo huo mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa sababu zinazoeleweka. Mwenye shida basi atalazimika kuomba simu ya mwalimu ili amshitaki mwalimu, au atumie simu aliyoificha ndani ya mkate au sabuni ya unga na hivyo kukiri kosa kabla ya kueleza kosa alilotendewa. Haishangazi kwamba watu hunyamaza. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, ambao matokeo yake yalitolewa 2011, ulibaini kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7, wa umri wa miaka 13 hadi 24, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18.

Wavulana katika takwimu hizo husahaulika haraka. Kwao ukatili wa kawaida zaidi ni wa mwilini, nao huanzia kwa fimbo. Kanuni za mwaka 2002 huruhusu viboko visivyozidi 4, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwalimu anayechapa darasa zima kwa sababu ya kelele anavunja kanuni hizo, hata kama wazazi wa darasa hilo watamsifu. Halafu kuna mapokezi ya "njuka", mwanafunzi mgeni, ambayo huanza kwa utani wa kumtuma maji na kumpora sukari, na yasipotazamwa huishia kwenye kipigo cha usiku.

Moto nao haupaswi kusahaulika. Mwaka 1994 zaidi ya wasichana 40 waliteketea katika bweni la Shauritanga, Kilimanjaro, na mwaka 2009 wengine 12 walikufa Idodi, Iringa. Dirisha la bweni lenye nondo humzuia mwizi kuingia, na humzuia aliyemo kutoka.

Pamoja na hayo yote, haifai kulieleza bweni la advansi kana kwamba ni mahali pa mateso tu. Vijana wengi hupata hapo marafiki wa maisha, husoma kwa mabishano hadi taa zizimwe, huchagua serikali yao ya wanafunzi kwa kampeni zenye ahadi za wali wa Jumamosi, na wa Kigoma huwafundisha wageni kula mgebuka uliokaangwa kwa mawese. Katika Wilaya ya Uvinza, shule za Lugufu za wavulana na wasichana zimesimama palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kikongo, iliyofungwa mwaka 2009; mahali palipojengwa kwa ajili ya waliokimbia makwao sasa panapokea waliotumwa na makwao kusoma. Wa kutiliwa wasiwasi zaidi ni wale wa kutwa wanaopanga "geto", chumba cha uani Mwanga au Gungu mjini Kigoma, ambao hawana kengele wala matroni, na ambao mwenye nyumba ndiye mtu mzima wa pekee anayejua wamerudi saa ngapi.

Marekebisho yanayohitajika si ya gharama kubwa kama yanavyodhaniwa. Kazi ya matroni na patroni iwe ajira kamili ya mtu aliyefunzwa ustawi wa jamii, si nyongeza ya mwalimu wa Jiografia. Fomu ya kujiunga itaje haki za mwanafunzi kabla ya makosa yake. Simu ya mezani ya kupigia namba 116 iwekwe mahali ambapo mwanafunzi hahitaji kibali kuifikia. Na Julai ijayo, maboti ya Kagunga na Mwamgongo yatakapoanza kushusha matranka Kibirizi, Manispaa ya Kigoma Ujiji na halmashauri za jirani zimweke pale afisa ustawi mmoja mwenye orodha ya majina na mahali salama pa kuwalaza watakaofika gari limeondoka.