Mubuku, Mto Usiotegemea Theluji

Ukimwambia mtu wa Kampala kwamba unakwenda Rwenzori, atakuuliza kwanza kama utaifikia theluji. Sifa ya milima hiyo ni barafu iliyo karibu kabisa na ikweta, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Wageni hulipa fedha nyingi kuifuata, wakapita bonde la mto Mubuku wakihesabu saa tu za kufika kambi inayofuata. Kwa maoni yangu wanaliacha nyuma lile lililo kubwa zaidi.

Barafu yenyewe inakwisha. Luigi Amedeo wa Italia alipopanda mwaka 1906, ilikuwa imetanda kwenye milima sita, jumla ya kilomita za mraba 7.5 hivi. Kufikia 2005 ilibaki kama 1.5, kwenye milima mitatu. Ni rahisi kudhani kwamba ikiisha barafu, mto nao utakauka. Lakini mwaka 2009 Richard Taylor wa University College London na wenzake walichapisha vipimo vyenye habari nyingine. Walipima maji yanayochuruzika kutoka barafu za Speke na Elena, ambazo kwa pamoja zilikuwa kama asilimia 43 ya barafu yote iliyosalia Rwenzori, wakayalinganisha na maji ya mto unapofika chini ya mlima. Mchango wa barafu hizo haukufika hata nusu ya asilimia moja, masika wala kiangazi.

Mubuku hulishwa na mvua. Katika ukanda wa msitu, na ule wa miti ya erika na kuvumwani ulio juu yake, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mikanda hiyo miwili imeshika zaidi ya nusu ya eneo linaloulisha mto. Anayetaka kuona chanzo chake hana haja ya kamba wala shoka la barafu. Anahitaji gambuti.

Safari huanzia Nyakalengija, mita 1,615, upande wa Kasese. Kwanza ni mashamba ya Wakonzo: kahawa, migomba, mihogo na maharage kwenye miteremko mikali ambayo mtu wa bondeni asingethubutu kuipiga jembe. Chakula cha huku ni bundu, yaani ugali wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu. (Kambini mgeni huweza kupikiwa tambi, mwenye akili ale bundu kabla hajaondoka kijijini.) Kisha unaingia msituni, unavuka mto Mahoma na kupanda mgongo mrefu hadi Nyabitaba, mita 2,651, ambako mianzi imeanza.

Katika sehemu hizi za bonde kuna kuta za mawe na udongo zilizorundikwa na barafu yenyewe. Miaka elfu ishirini na zaidi iliyopita ilishuka hadi kwenye mita 2,000 hivi, ikisukuma kila ilichokikuta. Ilipoyeyuka iliacha matuta hayo, na ziwa Mahoma likabaki limezingirwa nayo.

Ukivuka daraja karibu na mahali Bujuku inapokutana na Mubuku, ukaendelea kupanda, miti ya erika inaanza, na kuvumwani imefunika shina, tawi, jiwe na mzizi. Shika fungu moja ulikamue: maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko, hata siku isiyo na mvua. Mmea huu hauna mizizi ya kweli. Hunywa kwa majani yake, na maji hukaa katika nafasi ndogo ndogo kati ya jani na jani, kama sponji. Mvua ya saa moja hushuka kwa siku nyingi. Chini yake majani yaliyokufa hayaozi upesi kwa sababu ya baridi na unyevu, hivyo hurundikana na kuwa udongo mweusi unaoshika maji zaidi. Kwenye kinamasi cha Bigo mguu ulikuwa ukizama hadi gotini kabla njia za mbao hazijajengwa.

Mto jirani, Nyamwamba, unaonyesha nini hutokea mimea hii inayoshika maji ikiharibika. Mapema mwaka 2012 moto uliunguza mimea ya sehemu zake za juu. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ilishusha maji, mawe na magogo hadi Kilembe na mjini Kasese. Watafiti waliochunguza mkasa huo waliutaja moto ule miongoni mwa visababishi, pamoja na mvua yenyewe na maporomoko ya ardhi.

Kwa imani ya Wakonzo, vilele ni makao ya mungu wao Kitasamba, na mlima haukuwa mahali pa kupanda kwa kujifurahisha. Sasa mlima huo ni hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1991, na UNESCO ikaitambua 1994. Sheria inataka asilimia 20 ya ada za kiingilio zirudi kwa jamii zinazoizunguka. Huku chini mto haujaachwa bila kazi: mitambo ya Bugoye, yenye megawati 13, huutumia kuzalisha umeme wa gridi ya taifa.

Kwa asiye na haja ya kilele ipo njia ya Mahoma, siku tatu za mzunguko hadi ziwani na kurudi. Nenda Januari au Julai, mvua ikipungua, ingawa huku haikomi. Chukua mwongozaji na wapagazi wa pale pale kijijini.