Kutoka Piny Owacho hadi Uhuru: Lugha ya Kukoma kwa Ukoloni katika Mwambao wa Ziwa

1. Utangulizi

Kukoma kwa utawala wa kikoloni huelezwa mara nyingi kwa tarehe moja na bendera mbili: moja ikishushwa, nyingine ikipandishwa. Maelezo hayo yaweza kumtosha mwanasheria, lakini hayamtoshi mwanaisimu. Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno ambayo kwayo wenyeji wa Kisumu na mwambao wa Kenya wa Ziwa Viktoria waliudai, wakaupokea na hatimaye wakaupima mwisho wa utawala wa Waingereza. Hoja inayotolewa ni kwamba Kiswahili, kilichofika huko kikiwa lugha ya amri, ndicho kilicholipa jina jambo lililodaiwa; na jina hilo lilibaki mikononi mwa wananchi kama kipimo, wala si kama pambo la sherehe.

2. Lugha ya amri

Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Wakati huo mahali hapo palihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1902 pakahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Pamoja na reli, bandari na ofisi ya serikali, Kiswahili kilienea kwa vinywa vya askari, makarani na vibarua. Athari yake yaonekana katika Dholuo: sirkal limetokana na serikali, na osuru limetokana na ushuru. Maneno yote mawili yalikuwa yamesafiri mbali kabla ya kufika Ziwani: serikali lina asili ya Kiajemi, na ushuru lina asili ya Kiarabu, likiwa na maana ya sehemu ya kumi. Yatosha kutazama ni maneno gani yaliyokopwa ili kutambua uhusiano uliokuwapo baina ya mtawala na mtawaliwa.

Hata hivyo, amri zenyewe zilitangazwa vijijini kwa Dholuo: Piny owacho, yaani "nchi imesema". Neno piny humaanisha ardhi, nchi na hata ulimwengu. Katika tangazo hilo lilisimama badala ya serikali. Mwaka 1920 Kenya ilifanywa koloni. Desemba 1921 watu walikutanika Lundha, Gem, na chama cha Young Kavirondo Association, ambacho Jonathan Okwiri alikuwa rais wake, kikajulikana kwa umma kwa jina la Piny Owacho. Miongoni mwa madai yake yalikuwa kupunguzwa kwa kodi, kufutwa kwa kipande, na nchi kurudishwa katika hali ya himaya badala ya koloni.

Kisarufi hakuna kilichobadilika katika sentensi hiyo: kiima ni kile kile, kitenzi ni kile kile. Kilichobadilika ni kirejelewa cha piny. Jana nchi iliyosema ilikuwa ofisi. Leo ni watu. Miaka zaidi ya arobaini kabla ya bendera kushushwa, utawala ulikuwa umekwisha kunyang'anywa sentensi yake.

3. Maneno matatu, hatua tatu

Kisheria, mwisho wenyewe ulikuja kwa hatua tatu, na kila hatua ikapewa neno lake la Kiswahili. Madaraka yalipatikana tarehe 1 Juni 1963, Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu na Oginga Odinga Waziri wa Mambo ya Ndani. Uhuru ulifuata tarehe 12 Desemba 1963. Lakini Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa mkuu wa dola, na Gavana Malcolm MacDonald akawa Gavana Mkuu. Jamhuri ilitangazwa tarehe 12 Desemba 1964, Kenyatta akiwa Rais na Odinga Makamu wake.

Katika maneno haya, uhuru ndilo lenye historia nzito zaidi. Shina lake ni huru, lililotoka katika Kiarabu, na katika mwambao wa Bahari ya Hindi lilitaja hali ya mtu asiye mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Neno lililotaja hali ya mtu mmoja mbele ya bwana wake likaja kutaja hali ya taifa zima. Dholuo hakikukosa neno la karibu, kwani lipo thuolo, lenye maana ya nafasi au kutozuiwa. Lakini katika siasa uhuru lilishikwa lilivyo, kwa kuwa liliwaunganisha watu wa Ziwani na wale wa Nairobi, Mombasa na Tanganyika.

Mfano wa mbali husaidia hapa. Guinea ya Ikweta, koloni dogo la Uhispania, ilijitawala tarehe 12 Oktoba 1968, na tendo hilo likaitwa kwa Kihispania, lugha ya mtawala yule yule. Kisumu, lugha ya amri ya karani haikuwa lugha ya mama ya Mwingereza. Ndiyo maana iliweza kugeuzwa na kutumiwa dhidi yake.

4. Wakati wa -ja-

Mwaka 1966 Odinga alijiuzulu na kuongoza chama cha KPU. Mwaka 1967 alitoa kitabu kwa Kiingereza, Not Yet Uhuru, na katika anwani hiyo neno la Kiswahili halikufasiriwa. Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali. Kukazuka ghasia, na watu wakauawa kwa risasi. Baada ya siku chache KPU kilipigwa marufuku, na Odinga akatiwa kizuizini.

Kiswahili kina namna tatu za kukanusha jambo hili. Uhuru haufiki hukata tamaa. Uhuru haukufika hufunga habari. Uhuru haujafika hukanusha na papo hapo hungoja: mofimu -ja- humwambia msikilizaji kwamba jambo lilistahili kuwapo na lingali linatazamiwa. Anwani ya Odinga, ikirudishwa katika Kiswahili, haiwezi kuepuka mofimu hiyo.

5. Hitimisho

Sheria iliupa ukoloni tarehe ya kukoma. Lugha ya mwambao wa Ziwa iliwapa watu haki ya kuuliza kama umekoma kweli. Piny owacho iliwafundisha kwamba nchi ni wao. -Ja- ikawaachia nafasi ya kudai kile ambacho nchi hiyo ilikuwa imekwisha kukisema.