Uraibu wa Tambuu na Mabadiliko ya Kinywa

Neno uraibu linapotajwa siku hizi, wengi hufikiria mihadarati, pombe au kamari. Katika upwa wa Afrika Mashariki, hata hivyo, maana yake ya awali ilikuwa finyu na ya kupendeza: jani la tambuu lililopakwa chokaa, likatiwa popoo, katu na, aghalabu, tumbaku, kisha likakunjwa na kutafunwa. Mgeni alikirimiwa uraibu, na vikorombwezo vyake vikahifadhiwa katika kijaluba. Kwamba jina la takrima hii ndilo lililokuja kubeba dhana ya utumwa wa kileo ni jambo linalowahusu wanaisimu na matabibu kwa pamoja.

Chokaa haitiwi kwa ladha tu. Huifanya nikotini ipenye upesi utando wa ndani ya kinywa. Wazee wa bara wanaochanganya ugoro na magadi hufuata kanuni iyo hiyo, japo hawaiiti kemia. Pamoja na nikotini hupenya nitrosamini, kemikali za tumbaku zinazoharibu chembe hai. Mwaka 1985, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitambua kuwa tambuu yenye tumbaku husababisha saratani. Mnamo 2004 shirika hilo liliihukumu popoo yenyewe vivyo hivyo. Kwa hivyo, udhuru wa anayesema kwamba yeye hutafuna tambuu isiyo na tumbaku hauna mashiko.

Dalili huanzia pale tonge linapokaa: shavuni, kwenye ufizi au chini ya mdomo. Mahali hapo huwa na makunyanzi, kisha huweza kutokea utando mweupe usiofutika. Hapa pana haja ya kutofautisha, maana utando wa ukungu, ambao pia ni mweupe, aghalabu hufutika kwa kitambaa. Baka jekundu, laini kama mahameli, ni adimu zaidi lakini ndilo la kuogofya zaidi. Isitoshe, wekundu wa tambuu wenyewe huweza kulificha.

Kuna badiliko jingine lenye historia ya humu nchini. Mwaka 1952, tabibu aitwaye Schwartz alieleza hali aliyoiona kwa wanawake watano wa asili ya Kihindi waliokuwa Kenya: utando wa kinywa ulikakamaa hata wakashindwa kupanua kinywa sawasawa. Baadaye popoo ilibainika kuwa chanzo kikuu cha maradhi hayo. Mgonjwa huanza kwa kulalamikia pilipili inayomwasha kupita kiasi. Utando mweupe wa tumbaku mara nyingi hufifia mtu akiacha kutafuna, ilhali ukakamavu huu haurudi nyuma.

Tatizo ni kwamba hatua za mwanzo haziumi, na asiyeumwa haoni haja ya kumwona daktari. Kidonda, baka au uvimbe uliodumu zaidi ya majuma mawili wapaswa kuchunguzwa. Daktari wa meno hukata kipande kidogo cha nyama kikapimwa kwa hadubini.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inataka pakiti za tumbaku nchini Kenya ziwe na maonyo kwa Kiingereza na Kiswahili. Tambuu inayokunjwa kibandani mbele ya mnunuzi haina pakiti. Anayeweza kumwonya mtafunaji hapo ni muuzaji, naye ana biashara ya kulinda.