Je, Wajua? Shule ya mawimbi iko karibu na stesheni ya treni

Je, wajua kwamba mwandishi wa riwaya za upelelezi, Agatha Christie, alianza kuteleza juu ya mawimbi barani Afrika? Mwaka 1922, akiwa na mumewe Archie, alijifunza katika ufuko wa Muizenberg, jijini Cape Town, akilalia tumbo kwenye ubao mwembamba. Kusimama alikuja kuweza Hawaii, mwaka huohuo.

Muizenberg, karibu na stesheni ya treni, bado ni darasa la wanaoanza. Sakafu ya bahari pale ni mchanga unaoshuka polepole, hivyo wimbi halianguki kwa kishindo. Huvunjika taratibu mbali na ufuko, likamsukuma mwanafunzi hadi maji ya magotini. Akianguka, anaangukia mchanga, si miamba. Maji ya ghuba ya False Bay hayana baridi kali kama yale ya upande wa Atlantiki, ingawa mtu wa Mombasa au Tanga angeyaita barafu! Wengi huingia na suti ya mpira.

Na papa je? Wapo. Tangu 2004 kuna walinzi wanaokaa mlimani na darubini wakichungulia ghuba. Bendera ya kijani maana yake wanaona vizuri na hakuna papa aliyeonekana. Nyeusi, hali ya kuona ni mbaya. Nyekundu, tahadhari kubwa. Ikipandishwa nyeupe yenye picha ya papa mweusi na king'ora kikalia, kila mtu hutoka majini mara moja.