Cyprus: Gofu juu ya korongo, na swali la maji

Kati ya miji ya Paphos na Limassol, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Cyprus, upo uwanja wa gofu wa Aphrodite Hills, wenye mashimo 18, uliofunguliwa mwaka 2002. Umetandazwa juu ya nyanda mbili zilizotenganishwa na korongo lenye kina kirefu.

Kwenye shimo la 7, linalotarajiwa kumalizwa kwa mipigo 3, mchezaji husimama ukingoni na kulenga bendera iliyo ng'ambo. Mpira usipofika hupotea korongoni, naye huongezewa pigo la adhabu. Kwa hiyo hupima upepo kwanza, ndipo achague fimbo. Mwenye busara hulenga katikati ya nyasi hata bendera ikiwa pembeni.

Suala zito zaidi ni maji. Nyasi hizo humwagiliwa zaidi wakati wa kiangazi, mvua inapokosekana. Mwaka 2008, ukame uliilazimu Cyprus kuagiza maji kwa meli kutoka Ugiriki. Kuondoa chumvi katika maji ya bahari hutumia umeme mwingi, na maji taka yaliyosafishwa huhitajiwa pia na wakulima. Utalii huleta ajira, lakini kila tone lina mwombaji mwingine.